MZEE AKISAHAU, NYUMBA ISIMSAHAU

(Mawaidha yaliyotolewa kwa vijana wa kike na wa kiume baada ya sala ya Alasiri. Tumeyaandika kama yalivyosemwa, tukipunguza tu pale msemaji alipojirudia.)



Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa viumbe wote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu vijana, na dada zetu mlio upande wa pili wa pazia. Ramadhani hii mmekwisha kusikia mengi juu ya nguzo za funga, na yenye kufunguza, na zaka. Mimi leo nimeombwa nizungumze jambo ambalo limo ndani ya majumba yetu, twalala nalo na kuamka nalo, lakini msikitini halitajwi. Nalo ni maradhi ya kusahau, ambayo madaktari wayaita dimensia. Huku kwetu yana majina mengi. Mara utasikia "bibi amerudi utotoni". Mara "babu amechanganyikiwa". Na yako majina mengine ambayo kwa heshima ya mahali hapa sitayatamka.

Neno langu ni moja, na mengine yote nitakayosema yanarudi kwenye hilo. Maradhi haya yanampata mtu mmoja, lakini kuyabeba ni kazi ya nyumba nzima. Na katika nyumba zetu nyingi mzigo huu ametwishwa mtu mmoja tu. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba kati ya kila saa 100 za kuwatunza wagonjwa hawa, saa 70 zinatolewa na wanawake. Hamhitaji hata hiyo hesabu. Kila mmoja wenu afikirie mtaani kwake, atamwona: binti ambaye hakuolewa, au aliyeachwa akarudi kwao, au mke wa mtoto wa mwisho. Wengine wote huja Idi, wakaleta kanzu mpya na leso, wakapiga picha, wakaenda zao.

NI MARADHI

Kwanza tuelewane. Kila mtu husahau. Ukisahau ulipoweka ufunguo, hayo si maradhi. Ukiushika ufunguo mkononi ukawa hujui ni wa kazi gani, hapo pana jambo. Ukisahau jina la mgeni, si neno. Ukimsahau mwanao uliyemzaa, au ukapotea njia ya msikiti uliosali miaka 40, hiyo ni dalili.

Watu wengine wasema, "Ah, hayo ni maradhi ya wazungu, sisi ni uzee tu." Sivyo. Mwaka 2021 waliohesabiwa kuwa na dimensia duniani walikuwa milioni 57, na zaidi ya 60 katika kila 100 waliishi katika nchi zisizo tajiri, kama hii yetu. Wala si uzee peke yake. Umri huongeza hatari, ni kweli, lakini mwawajua wazee wa miaka 90 ambao ukimkosea hesabu ya nazi atakusahihisha papo hapo. Lau ungekuwa ni uzee, wote wangeupata.

Kinachotokea ni kwamba chembe za ubongo zinakufa. Aina kubwa inaitwa Alzheimer, kwa jina la daktari wa Ujerumani, Alois Alzheimer, aliyeieleza mbele ya madaktari wenzake mwaka 1906. Alipoupima ubongo wa mgonjwa wake aliyefariki aliona uchafu wa protini umegandana kati ya chembe, na nyuzi zimesokotana ndani yake. Katika kila wagonjwa 100 wa dimensia, baina ya 60 na 70 wana aina hiyo. Aina ya pili inatokana na mishipa ya damu ya ubongo kuziba au kupasuka kidogo kidogo, na hiyo mara nyingi ni mtoto wa presha na sukari.

Alzheimer kwa kawaida huanza kuila ile sehemu ya ubongo inayohifadhi mambo mapya. Ya zamani hubaki muda mrefu zaidi. Ndiyo maana utamwona bibi amekula sasa hivi na akakwambia hajala tangu jana, lakini Suratul-Fatiha anaisoma bila kukwama, na nyimbo za harusi za ujana wake anazo zote. Usimwambie "wajifanya". Hajifanyi. La jana halikuandikika, la miaka 60 iliyopita liliandikwa kwa wino uliokolea.

Na sisi Waislamu tusingestahili kushangaa. Katika Surat An-Nahl, aya ya 70, tumeelezwa kwamba wako kati yetu watakaorudishwa kwenye umri dhaifu, wawe hawajui kitu baada ya kuwa walijua. Jambo hili limetajwa kuwa ni katika hali za binadamu. Halikutajwa kuwa ni aibu.

UCHAWI NA MAJINI

Sasa nakuja mahali pagumu. Mgonjwa huyu hutoka nje usiku akatembea. Huzungumza na watu waliokwisha kufa. Huingia nyumba ya jirani akasema ni yake. Humtuhumu mkwewe kwamba amemwibia pesa, kumbe amezificha mwenyewe chini ya godoro. Haya niambieni, mtu asiyejua maradhi haya, akimkuta mama mzee mlangoni kwake saa nane za usiku, nguo hazikukaa sawa, anasema maneno hayaeleweki, atafikiri nini?

Mwezi wa Oktoba mwaka 2021, kule Marani, kaunti ya Kisii, kina mama wanne wazee waliuawa na kuchomwa moto na watu kwa tuhuma za uchawi. Na hapa Pwani tusijitoe. Kilifi, kwa miaka mingi, wazee wameuawa kwa tuhuma hizo hizo, hata pakawekwa mahali pa kuwahifadhi wanaokimbia roho zao, huko Kaya Godoma, Ganze. Sisemi kila aliyeuawa alikuwa na dimensia. Wengine ni ugomvi wa shamba tu umevikwa nguo ya uchawi. Nasema kwamba dalili za maradhi haya zinatosha kumuua mzee mahali ambapo watu hawazijui. Na kijana mmoja anayezijua, akasimama akasema "huyu ni mgonjwa, nitamrudisha kwao", anaweza kuokoa roho.

Wengine hawaui, lakini wanampeleka kwa mganga. Anapigiwa ramli, anafukizwa, anafungiwa chumbani, wengine hata wanamfunga kamba. Kumsomea mgonjwa dua ni jambo jema, hakuna anayekukataza. Lakini msomee huku umemshika mkono mnakwenda hospitali.

KWA NINI HOSPITALI?

Kwa sababu si kila kusahau ni dimensia. Yako mambo yanayofanana nayo na yanatibika. Tezi la shingo likifanya kazi kidogo kuliko kawaida, mtu huzubaa. Akikosa vitamini B12, husahau. Akiwa na huzuni nzito isiyoisha, hasa aliyefiwa na mwenzake, huonekana kama akili imemtoka. Akianguka akajigonga kichwa, damu yaweza kuvuja taratibu ndani ya fuvu, na dalili zije baada ya wiki kadhaa. Dawa nyingi pamoja nazo huchanganya akili. Na mzee ambaye jana alikuwa mzima, leo ghafla haelewi kitu, huyo apelekwe siku hiyo hiyo. Huenda ni maambukizi ya njia ya mkojo, au upungufu wa maji, au sukari imeshuka.

Mkienda, chukueni dawa zake zote ndani ya mfuko mmoja. Na aende mtu anayekaa naye, si yule mtoto mwenye gari peke yake. Mwenye gari hajui mama alianza lini kupoteza njia ya chooni.

Ikithibitika ni dimensia yenyewe, nitawaambia ukweli: mpaka leo hakuna dawa ya kuiponya. Ziko za kupunguza dalili kwa muda, kama donepezil. Tangu 2023 Marekani imeidhinisha rasmi dawa ya sindano iitwayo lecanemab, inayopunguza kasi ya Alzheimer kwa walio mwanzo mwanzo, lakini ni ghali mno, inahitaji kupigwa picha za ubongo mara kwa mara, na haiponyi. Kwa hivyo anayekwambia ana mafuta ya kuondoa maradhi haya kwa siku saba, shikilia mfuko wako.

RAMADHANI NA MGONJWA HUYU

Wengi wauliza juu ya funga. Mtu ambaye akili imemtoka kabisa, hajui Ramadhani wala Shaaban, sharia haimkalifishi. Wanavyuoni wengi wasema hana funga, hana kadha, wala fidya. Mzee ambaye akili anayo, ila mwili umeshindwa na hatarajiwi kupata nguvu tena, huyo hulishiwa maskini mmoja kwa kila siku. Na aliye katikati, leo ajua kesho hajui, mpelekeeni sheikh wenu suala lake, mumweleze hali ilivyo bila kuficha.

Lakini tatizo la nyumbani mara nyingi si fatwa. Tatizo ni kwamba mzee anakula mchana, na kitoto cha miaka kumi kinampigia kelele, "Babu, wala mchana!" Huyu babu alifunga miaka 60 kabla wewe hujazaliwa. Au kinyume chake: anakataa kula kwa sababu anakumbuka ni Ramadhani, na hali ana sukari na dawa za kunywa. Usibishane naye. Mletee uji na tende, kaa naye, mwambie, "Baba, leo daktari amekupa ruhusa." Akikataa, ondoka, rudi baada ya robo saa. Pengine amesahau kwamba alikataa. Na maji, ndugu zangu. Mzee haisikii kiu kama kijana. Akikaukiwa na maji, kuchanganyikiwa kunazidi.

Sasa sikilizeni hili, maana wengi hawalijui. Madaktari wameona tangu zamani kwamba wagonjwa wengi wa dimensia huzidiwa jua linapotua. Wanakuwa na wasiwasi, wanataka "kwenda kwao" hali wako kwao, wanalia, wanagomba. Na jua likitua Ramadhani sisi tuko wapi? Hiyo ndiyo saa ya makelele. Sufuria zinagongana, watoto wanakimbia, redio inasubiriwa adhana, wageni wanabisha hodi. Halafu tunasema, "Bibi, Ramadhani anatuvurugia futari."

Mpeni chakula chake mapema, katika chumba kilichotulia. Washeni taa kabla giza halijaingia, maana vivuli humtisha. Kijana mmoja afuturu naye huko huko chumbani, kwa tende na maji, bila haraka.

Halafu inakuja tarawehe. Safu zimejaa, alhamdulillah. Nani amebaki nyumbani? Ni yule yule. Mwaka jana alibaki, mwaka juzi alibaki, na kumi la mwisho pia alibaki. Hana Ramadhani huyu, ana zamu tu isiyokuwa na wa kumpokea.

KUISHI NAYE

Msibishane juu ya ukweli. Akiuliza "Mamangu yuko wapi?" na mamake alifariki miaka 50 iliyopita, ukimwambia "amekufa" anafiwa upya, na kesho atafiwa tena. Mwambie, "Wamkumbuka mama? Alikuwa akipika nini?" Ataanza kukusimulia, na moyo wake utatulia.

Semeni naye maneno machache, swali moja kwa wakati. Badala ya "Wataka kuvaa nini?" mwonyeshe kanzu mbili achague. Mambo yafanyike saa zile zile kila siku. Mwacheni afanye analoweza: kuchagua mchele, kukunja nguo, kuvuta uradi. Akikosea, si lazima umwambie.

Kitasa cha mlango wa nje kiwekwe mahali ambapo hakioni upesi, lakini asifungiwe peke yake ndani, moto ukitokea atateketea. Mfukoni mwake awe na karatasi yenye jina na namba ya simu ya nyumbani. Majirani, wenye maduka na vijana wa bodaboda waelezwe. Siri hii haimlindi; kinachomlinda ni mtaa kujua. Gesi na dawa zisiwe wazi.

Na mali yake. Mzee ambaye hajui leo ni siku gani, kidole chake cha gumba kikipakwa wino kikagandamizwa kwenye karatasi za shamba, huo ni wizi, hata kama aliyemshika mkono ni mwanawe wa kumzaa. Vivyo hivyo pesa zake za wazee na namba yake ya siri ya M-Pesa. Mambo haya yapangwe mapema, angali akijua, mbele ya mashahidi na wanaojua sheria.

UBONGO WENU NINYI

Mtaniuliza, "Na sisi je, tutasalimika?" Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kilo moja na nusu hivi, lakini huchukua kama sehemu moja katika tano ya nguvu yote ya mwili. Ni mlaji mkubwa, na chakula chake kinapita kwenye damu. Kinachodhuru moyo na mishipa kinaudhuru na ubongo.

Mwaka 2024 jopo la wataalamu wa jarida la The Lancet lilitaja mambo 14 yanayoongeza hatari, na likakadiria kwamba lau yote yangeondolewa, karibu wagonjwa 45 katika kila 100 wangekingwa au maradhi yangechelewa. Nitayataja, mjihesabie. Kukosa elimu utotoni. Masikio kutosikia vizuri. Mafuta mabaya kwenye damu. Huzuni nzito. Kuumia kichwa. Kukaa bila mazoezi. Sukari. Sigara. Presha. Unene uliozidi. Pombe. Upweke. Hewa chafu. Na macho yasiyoona yasitibiwe.

Mengi katika haya huanza kufanya kazi yake mtu akiwa wa makamo, na mazoea yake yanapandwa ujanani. Wewe unayepanda bodaboda bila helmeti, hicho ndicho kichwa utakachozeeka nacho. Wewe unayefungua sauti ya visikizio mpaka aliye kando yako anasikia. Wewe unayemtoa msichana shule ili akapike. Umemnyang'anya na akiba ya ubongo, kwa sababu kusoma na kujifunza kunaujengea ubongo njia nyingi, moja ikiziba apite nyingine. Na futari zetu, jamani! Bhajia, sambusa, viazi karai, kaimati zimelowa shira, chai sukari vijiko vinne, halafu tunalala. Siwaambii muache kaimati. Nawaambia mle chache, mwende tarawehe kwa miguu, na baada ya Ramadhani mpime presha. Presha haiumi, ndiyo maana inaua.

Na yale ya upweke, masikio na macho yanawahusu wazee wenu sasa hivi. Mzee asiyesikia huacha kwenda barazani, akiacha baraza huacha kuzungumza. Mpelekeni akasafishwe masikio, akatolewe mtoto wa jicho, mrudisheni barazani. Lakini msiwalaumu waliokwisha kuugua. Wako waliofanya yote mazuri na yakawapata. Hiyo ni qadar.

LINALOTAKIWA KWENU

Simalizi kwa dua peke yake, namaliza kwa kazi. Kabla ya kufuturu leo, kila kundi la mtaa likae dakika tano. Andikeni majumba yenye mgonjwa kama huyu. Vijana wakiwa sita kwa nyumba moja, siku 30 ni siku tano tano kwa kila mmoja, wa kiume kwa babu, wa kike kwa bibi. Kazi yenyewe ni kukaa na mzee kuanzia Magharibi mpaka watu watoke tarawehe, ili yule dada aweze kwenda msikitini, au alale, au atazame ukuta tu bila kuitwa. Na Ramadhani ikiisha, zamu isiishe; ibaki hata mara moja kwa wiki.

Na nyie mlio na ndugu mbali, Nairobi, Dubai au Uingereza, wapigieni simu. Pesa watume, lakini waulizwe pia: likizo yako mwaka huu utampumzisha nani?

Katika Surat Al-Israa tumekatazwa hata kuwagunia wazazi wanapofikia uzee tukiwa nao. Wazee wenye akili timamu ni rahisi kutowagunia. Anayeuliza swali moja mara 20 kabla ya Adhuhuri, hapo ndipo mtihani ulipo.

Mwenyezi Mungu awarehemu wazazi wetu kama walivyotulea tulipokuwa hatujui kitu, awape shifaa wagonjwa wetu, na awape nguvu na malipo wanaowauguza. Amin.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.